Doa la kahawia kwenye sahani ya Quimper: kilichonisaidia

Limetoka, hatimaye! Ni sahani kuukuu ya udongo kutoka Quimper, Ufaransa, ile yenye mchoro wa mkulima wa Bretagne, jimbo la huko. Nyufa zake, nyembamba kama unywele, zilikuwa zimekunywa mafuta, doa likatanda katikati.

Sabuni haikufua dafu. Magadi nayo yalinichosha mkono tu. Klorini sikuthubutu: chumvi yake hubaki ndani ya udongo na baadaye hubandua mng'ao, yaani ule utando kama kioo unaofunika udongo.

Nikanunua haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, dawa ya maji inayong'arisha madoa, duka la dawa. Mara ya kwanza doa likasambaa! Kumbe udongo mkavu hufyonza dawa pamoja na uchafu, ukaupeleka ndani zaidi. Safari ya pili niliiloweka kwanza kwenye maji safi usiku kucha, udongo ushibe. Ndipo nikaweka pamba yenye dawa juu ya doa, nikafunika kwa nailoni isikauke, nikawa nabadilisha kila siku. Siku ya 5 pamba ikatoka nyeupe. Nikaisuuza sahani, nikaianika kivulini wiki nzima.

Sasa iko ukutani. Chakula siwekei, mng'ao wa zamani wa aina hii huwa na madini ya risasi.