Ulianzia Wapi? Safari ya Montreux na Mashabiki wa Queen

Treni ya kutoka Geneva hadi Montreux, mji wa Uswisi, huchukua kama saa moja, na mkishapita Lausanne ni bora uwe umekaa upande wa kulia, maana ziwa liko huko. Upande wa pili mashamba ya mizabibu ya Lavaux yamepanda mlima ngazi kwa ngazi, yamezuiwa na kuta za mawe, na UNESCO iliyaingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2007. Ni mazuri mno, ila behewa letu halikuwa na habari nayo. Ilikuwa mwanzoni mwa Septemba, siku ambazo Montreux huadhimisha kuzaliwa kwa Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza, na fulana za Queen zilikuwa kila kiti. Mwanamume wa makamo aliyeketi mkabala nami, Mhungaria, aliitazama yangu kisha akaniuliza: "Wewe ulianzia wapi?"

Swali hilo lilinifuata mji mzima. Mashabiki wa Queen wakikutana hawaulizani kazi wala umri. Wanaulizana ni wimbo gani, mahali gani, nani alikuwa karibu. Kila mtu analo jibu lake, na analitoa kwa uangalifu kama anayesimulia alivyokutana na mwenzi wake wa ndoa.

Yeye alianzia uwanjani. Tarehe 27 Julai 1986 Queen walipiga Népstadion, Budapest, katika miaka ambayo bendi kubwa ya Magharibi kufika na jukwaa lake zima kwenye uwanja wa mpira wa nchi ya kikomunisti lilikuwa jambo la ajabu. Alikuwa kijana mdogo, ameletwa na kaka yake, na nyimbo za bendi alizozijua zilikuwa chache. Anasema sehemu ya kwanza ilimpita juu juu: taa, kishindo, migongo ya watu warefu. Kisha Brian May, mpiga gitaa wa bendi, akaketi na gitaa la kawaida, Freddie akasogea karibu naye, akatazama kiganja chake na kuanza kuimba "Tavaszi szél vizet áraszt", wimbo wa kienyeji ambao kila mtoto wa Hungary anaufahamu. Maneno alikuwa ameyaandika mkononi. Mwenzangu alinyoosha kiganja chake mwenyewe juu ya meza ndogo ya treni, akapitisha kidole mstari baada ya mstari, kutoka chini ya vidole hadi kifundo, kunionyesha jinsi maneno yalivyokaa. "Angeweza kuuacha," aliniambia. "Hakuna ambaye angemdai. Lakini alijifunza." Uwanja mzima ukaimba naye, na mvulana yule akarudi nyumbani akiwa mtu mwingine.

Mimi nilianzia redioni. Ilikuwa "Somebody to Love", kibao cha mwaka 1976, na kilichonishika ni kwaya: sauti zinapanda, zinajibizana, zinamwacha mwimbaji peke yake halafu zinamdaka tena. Baadaye sana ndipo nikasoma kwamba kwaya ile ni wanaume watatu tu, Mercury, May na mpiga ngoma Roger Taylor, waliorekodi sauti zao na kuzipandanisha tena na tena mpaka zikajaa kama za watu mia. Freddie alimhusudu Aretha Franklin, mwimbaji wa Marekani, na alitaka mguso ule wa injili. Mpaka leo nikiusikiliza kwa spika za masikioni najaribu kuzitenganisha sauti hizo moja moja. Ile ya juu kabisa, inayochoma, mara nyingi ni ya Taylor.

Montreux yenyewe haikukawia kuonekana. Ukishuka kituoni unateremka ngazi na vichochoro vichache, unatokea ufukweni, na sanamu iko pale Place du Marché, imeelekea ziwa. Ni ya shaba, urefu kama mita tatu, kazi ya mchongaji Irena Sedlecká mzaliwa wa nchi ya Wacheki. Mkono wa kulia uko juu, ngumi imefumbwa, na wa kushoto umeshika kile kipande cha mlingoti wa kipaza sauti ambacho Freddie alizunguka nacho dunia nzima. Ilizinduliwa tarehe 25 Novemba 1996. Chini yake kulikuwa na maua mengi kiasi kwamba jiwe la msingi halikuonekana, barua zilizofungwa kwenye plastiki kuzuia mvua, na sahani za santuri zilizosainiwa na watu ambao si maarufu popote. Moja ilisema kwa Kihispania: baba yangu alikupenda, nami nakupenda kwa ajili yake.

Mara nyingi watu hushangaa kwa nini ni hapa na si London. Sababu ni kazi. Queen walikuja Montreux mwaka 1978 kurekodi albamu ya "Jazz" katika Mountain Studios, iliyokuwa ndani ya jengo la kasino, na mwaka uliofuata wakainunua studio yenyewe. Humo ndimo mwaka 1981 walimkaribisha mwimbaji David Bowie wakatoka na "Under Pressure". Na humo ndimo Freddie alirudi mwishoni, akiwa mgonjwa, kwa sababu hapa watu walimpungia mkono na kumwacha apite. Magazeti ya Uingereza hayakumpa nafasi hiyo.

Chini ya sanamu nilikaa kwenye benchi na bibi mmoja Mwingereza aliyekuja peke yake, amevaa beji kuukuu iliyochakaa rangi. Kwake ilikuwa Februari 1974, televisheni ya BBC, kipindi cha "Top of the Pops". Bendi aliyoitarajia haikutokea. Walitokea vijana wanne wasiojulikana na "Seven Seas of Rhye", na mwimbaji mwenye kucha zilizopakwa rangi nyeusi, ambaye baba yake alimwita majina yasiyoandikika. Kesho yake alikwenda dukani. Mwaka uliofuata ilipotoka "Bohemian Rhapsody", yenye karibu dakika sita, wakati wimbo wa redio ulitakiwa usizidi dakika tatu au nne, yeye hakushangaa. Anasema alikwishajua wanaweza. Wimbo ule ukashika namba moja Uingereza kwa wiki tisa mfululizo, na hapo, kwa maneno yake, "ikabidi nianze kugawana nao na nchi nzima."

Nilimwambia natoka Afrika Mashariki. Akanigeukia mzima mzima. Wengi wa mashabiki hawa wanajua kwamba Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa Bomi na Jer, Waparsi wenye asili ya Gujarat. Wanajua kwamba alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akiwa na miaka minane, na kwamba familia ilihamia Feltham, nje kidogo ya London, baada ya mapinduzi ya mwaka 1964. Ila kuyajua ni kitu kimoja, na kumpata mtu ambaye Unguja kwake si jina tu la kitabuni ni kitu kingine. Alinitaka nilitamke jina la kisiwa. Nikalitamka, naye akalirudia taratibu, na ninakiri kwamba moyo ulinijaa. Tumemwazima dunia, na dunia haijasahau alikotoka.

Lakini Afrika haikuingia kwenye mazungumzo yetu kwa jambo hilo peke yake. Kulikuwa na mume na mke kutoka Buenos Aires, waliokutana mwaka 1981 Queen walipozuru Argentina na Brazil, wakati huo bendi chache za kiwango chao zikithubutu kufika huko. Walisimulia jinsi uwanja ulivyochukua "Love of My Life" mikononi mwa Freddie na kuuimba wote kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wao hawakuizungumza, naye akabaki anausikiliza. Nikawaambia kwamba kwa mashabiki wa kwetu kuna ukurasa mwingine, mgumu. Oktoba 1984 Queen walipiga Sun City, mji wa starehe ulioko Bophuthatswana, eneo lililotengwa kwa Waafrika weusi ndani ya Afrika Kusini, wakati wa ubaguzi wa rangi, huku Umoja wa Mataifa ukiwa umewataka wasanii waisusie Afrika Kusini. Walilaumiwa vikali, na chama cha wanamuziki wa Uingereza kikawatoza faini. Bendi ilijitetea kwamba inapigia watu na si siasa. Mimi siukubali utetezi huo. Ukumbi ule ulijengwa ili kuupa ubaguzi sura ya starehe, na wao waliupamba. Mume alinyamaza kidogo kisha akasema kwamba hata wao, mwaka 1981, Argentina ilikuwa chini ya majenerali, na bado usiku ule ulikuwa usiku pekee wa mwaka ambao walipiga kelele hadharani bila hofu. Hatukufikia mwafaka, wala hatukutafuta. Nilimwongezea tu kwamba May na Taylor walisimama Cape Town tarehe 29 Novemba 2003, kwenye tamasha la 46664 la Nelson Mandela la kupambana na UKIMWI, na kwamba siku hiyo nami nilikuwa tayari kuwasikiliza.

Kisha tukaenda kasino pamoja.

Makumbusho ya studio yalifunguliwa Desemba 2013, na kiingilio hakuna. Kuna sanduku la michango ya Mercury Phoenix Trust, mfuko ulioanzishwa mwaka 1992 baada ya kifo cha Freddie ili kupambana na UKIMWI. Kabla hujaingia unapita ukuta ulioandikwa na mashabiki, maandishi juu ya maandishi, mpaka rangi ya chini haionekani tena. Ndani kuna mavazi, ala na karatasi zenye maneno ya nyimbo zilizofutwafutwa. Chumba cha mitambo ndicho kilichonimaliza. Ni kidogo. Kwa jinsi rekodi zile zinavyosikika, macho yanategemea ukumbi, na unakuta chumba cha kukaa watu wachache, na mtambo wa kuchanganyia sauti ambao unaruhusiwa kuugusa: unapandisha kitufe, besi inakuja, unakishusha, inabaki sauti tupu.

Sakafuni pamewekwa alama mahali aliposimama kurekodi sauti zake za mwisho. Mwezi Mei 1991 aliimba hapo "Mother Love", beti baada ya beti, akapanda juu kabisa kwenye sauti ambayo mtu mwenye hali yake hakutakiwa kuwa nayo. Ubeti wa mwisho hakuufikia. Alisema atarudi kuumalizia. Alifariki tarehe 24 Novemba mwaka huo, siku moja baada ya kuutangazia ulimwengu ugonjwa wake, na kwenye albamu ya "Made in Heaven" ya mwaka 1995 ubeti ule anauimba Brian May. Ukiwa umeusikia nyumbani mara nyingi unajua ni wapi sauti inabadilika. Kuusikia ukiwa umesimama hapo ni jambo tofauti. Mhungaria wangu aliiangalia alama ile kwa muda mrefu, akakanyaga kando yake, si juu yake.

Jioni ukumbi wa soko la zamani kando ya sanamu ulijaa, bendi ya kuiga ikapiga, na kwenye "Radio Ga Ga" mikono yote ikaenda juu na makofi mawili yakapigwa kama yalivyopigwa Wembley tarehe 13 Julai 1985. Dakika zile ishirini na kidogo za Queen kwenye Live Aid, tamasha la hisani lililorushwa kwa televisheni, ndizo zilizowaleta wengi wa waliokuwa ndani. Nilikutana na mwalimu Mjerumani aliyekuwa akimsubiri msanii mwingine kabisa mbele ya televisheni, na sasa jina la huyo msanii hata halikumbuki.

Msichana aliyesimama karibu nasi alikuwa na miaka kama kumi na saba, amekuja na mama yake. Bibi Mwingereza akamuuliza swali la siku zote. Msichana akashusha sauti: alianza na filamu, ile ya mwaka 2018 ambayo Rami Malek aliigiza kama Freddie akatwaa Oscar. Aliisema akiangalia chini, kwa sababu tayari asubuhi mtu fulani alikwishamwambia kwamba hao wa filamu si mashabiki.

Niliudhika, na ninaudhika hata sasa ninapoandika. Filamu ile ina tarehe zilizopangwa upya na mambo yaliyosogezwa, na mtu ana haki ya kuyakosoa. Lakini binti ambaye ameondoka sinema akaenda kutafuta rekodi, akasikiliza, akamshawishi mama yake kupanda treni mpaka hapa, ameifanya kazi ileile aliyoifanya bibi huyu mwaka 1974 alipokwenda dukani. Wamarekani wengi waliipata "Bohemian Rhapsody" kupitia filamu ya vichekesho ya mwaka 1992, wimbo ukarudi kwenye chati zao hadi namba mbili, na leo hakuna anayewadai cheti.

Bibi alimshika msichana mkono. "Umesikiliza 'Queen II'?" Hajasikiliza. Bibi akageuka na kutuangalia sote kana kwamba tumemnyima mtoto chakula. Akaanza kumweleza: ni ya Machi 1974, haina upande A na B bali upande mweupe na upande mweusi, mweupe karibu wote wa May, mweusi wote wa Freddie. Mhungaria akapinga, aanze na rekodi za jukwaani. Mimi nikatetea "Sheer Heart Attack", ya mwaka huohuo, kwa sababu ina kila walichoweza kufanya na haichoshi. Tukabishana tukiwa tunapiga kelele kushinda spika, na mama yake akawa anaandika majina kwenye simu.

Msichana alimfuata bibi. Asubuhi, nikiwa kituoni nasubiri treni ya kurudi, nilipata ujumbe wake: amefika katikati ya upande mweusi, wimbo umebadilika mara nyingi asijue kama ni mmoja au ni mitano, na mama yake amemwambia azime wakale lakini hawezi.