Mdhamini wa kwanza hutoa mshipi, si fedha: uzoefu wangu wa kutafuta udhamini wa uvuvi wa fimbo Mwanza

Mdhamini wangu wa kwanza wa mashindano ya kuvua kwa fimbo hakunipa hata shilingi. Alinipa mita 600 za mshipi wa kusuka, yaani uzi wa kuvulia samaki, na pakiti mbili za ndoano kutoka kwenye duka lake la zana za uvuvi, jirani na mwalo wa Kirumba. Ndivyo nilivyomwomba, na ndiyo sababu alikubali. Mwenye duka akikupa bidhaa, kwake imemgharimu bei ya jumla. Akikupa fedha, amekupa faida ya siku nzima. Kijana anayeanza kwa kuomba boti, injini na fimbo tatu anajifungia mlango, hata awe mvuvi hodari namna gani.

Kabla ya barua ya kuomba udhamini niliandaa daftari, na bado naliona kuwa ndilo lililofanya kazi kubwa kuliko kitu kingine chochote. Kwa miezi mitatu, kila nilipoingia ziwani niliandika tarehe, saa, eneo, kina kwa mita, upepo, chambo nilichotumia, aina ya samaki, urefu kwa sentimita, uzito, na kama nilimwachia au nilimchukua. Siku nilizotoka bila samaki nilizijaza pia. Mfanyabiashara anayejua ziwa hataamini daftari lenye samaki kila siku, hasa akiona tarehe ambazo yeye mwenyewe anakumbuka upepo ulivyovuma tangu asubuhi.

Picha nazo zina kanuni zake. Samaki alazwe juu ya ubao wa kupimia uliolowanishwa, mdomo ukigusa sifuri, mkia ukionekana wote, namba zikisomeka. Kisheria sangara wa chini ya sentimita 50 na sato wa chini ya sentimita 25 hawaruhusiwi kuvuliwa. Ukimnasa, mrudishe majini upesi na usimpige picha kabisa. Picha moja ya sangara mchanga inatosha kumfanya mdhamini aogope jina lake kutajwa na maofisa uvuvi. Sangara mkubwa usimning'inize kwa mashavu kama wa sokoni. Uzito wake mwenyewe humuumiza ndani. Mshike kwa mikono miwili iliyolowana, mmoja chini ya tumbo, akiwa amelala sawasawa, na asikae nje ya maji zaidi ya muda unaoweza wewe kubana pumzi. Kama kanuni za mashindano ni kupima na kuachia, vua kwenye miamba ya maji mafupi. Sangara aliyepandishwa haraka kutoka kina kirefu hufika juu kibofu chake cha hewa kimevimba, naye hushindwa kuzama tena. Mdhamini akiona video ya samaki anaelea tumbo juu baada ya "kuachiwa", hutapata nafasi ya kumweleza kibofu ni nini.

Karatasi zilichukua muda kuliko nilivyotarajia. Makampuni mengi hayapendi kutuma kitu kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, na yako sahihi. Tulikuwa vijana sita, tukaunda kikundi: katiba fupi, muhtasari wa kikao cha kwanza, orodha ya wanachama yenye sahihi, barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, kisha usajili kupitia afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri. Anayetaka kutambulika kama klabu ya michezo aanzie kwa afisa michezo wa wilaya, ambaye atamwongoza kwenye usajili wa Baraza la Michezo la Taifa. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu. Leseni ya uvuvi iwe hai, na nakala yake iambatanishwe na kila barua. Maeneo ya hifadhi kama Saanane na Rubondo yana utaratibu wake chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Usipeleke kwa mdhamini picha uliyoipiga humo bila kibali.

Nilipoanza kubisha hodi nilifuata ukaribu, si ukubwa wa jina. Kwanza duka la zana za uvuvi, kwa sababu wateja wake ndio wanaonitazama mwaloni. Pili fundi na muuza vipuri vya injini za boti. Tatu kituo cha mafuta ambacho wenye mitumbwi hujazia madumu. Nne hoteli ya ufukweni inayopokea wageni wanaouliza habari za kuvua sangara. Viwanda vya minofu niliviacha mwisho: barua hupita mikono mingi, na fedha zao za jamii mara nyingi zimeshaelekezwa kwenye shule au zahanati. Si vibaya kuwaandikia, ila usiipangie ratiba yako jibu lao.

Barua iwe ukurasa mmoja. Ya kwangu ilikuwa na aya nne: sisi ni nani na tunavua wapi, mashindano gani tunaingia na tarehe zake, tunaomba nini hasa, naye atapata nini na lini. Aya ya tatu ilisomeka hivi: "Tunaomba mshipi wa kusuka wa paundi 65, mita 600, unaotosha rili mbili za mita 300 kila moja, kwa mashindano mawili." Rili ni kifaa cha kukunjia mshipi kwenye fimbo, na paundi ni uzito ambao mshipi unauhimili kabla ya kukatika. Ukiandika "msaada wowote utakaoguswa nao", unamwachia mtu mwenye kazi nyingi akufikirie shida yako, na atakachofanya ni kuiweka barua pembeni. Peleka nakala mbili, moja ibaki kwao, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Bila muhuri huo, ukirudi baada ya wiki mbili utaambiwa barua haijaonekana na huna la kujibu. Ipeleke wiki sita hadi nane kabla ya mashindano. Jumatatu na mwisho wa mwezi niliziepuka, maana mwenye duka anahesabu mali na mhasibu anahesabu mishahara. Kwenye duka la mtu binafsi, nenda mwenyewe, amkia "Shikamoo mzee" au "Shikamoo mama", subiri wateja wapungue, ndipo utoe daftari kabla ya barua.

Kwenye aya ya nne vijana wengi huahidi "kuitangaza kampuni". Ahidi vitu vinavyohesabika. Mimi niliahidi vitatu: nembo kwenye vazi siku zote za mashindano, picha tano safi ndani ya siku saba, na Jumamosi moja ya kufundisha watoto kumi kufunga ndoano na kumwachia samaki mdogo, mbele ya duka lake, kwa saa mbili. Hilo la tatu ndilo lililomfanya mwenye duka atabasamu. Wazazi wa watoto kumi walisimama dukani kwake saa mbili nzima.

Kuhusu nembo, kuna kosa karibu kila timu mpya hulifanya. Wanachapa jina la mdhamini mkuu kifuani mwa fulana, kisha ziwani wanavaa jaketi okozi, na jina halionekani tena mpaka jioni. Jaketi halivuliwi, hilo halina mjadala. Kwa hiyo nembo kubwa iende mbele ya jaketi lenyewe, nyingine kwenye kofia, mikono ya fulana karibu na bega, na ubavuni mwa boksi la barafu, kwa sababu boksi huingia kwenye picha nyingi kuliko uso wa mvuvi. Mgongoni panafaa pia, kwani anayepiga picha kutoka mtumbwi wa nyuma huona migongo tu. Nembo za kubandika kwa joto hupasuka upesi kwa jua na maji; omba ile ambayo rangi huingia ndani ya kitambaa cha polyester. Ukishika samaki, mshushe usawa wa tumbo ili nembo ya jaketi ibaki wazi.

Mdhamini wa mafuta atauliza kiasi, naye anajua injini. Kwa siku ya saa nane, mtumbwi wenye injini ya nguvu za farasi 15, muda mwingi ukikokota chambo polepole, sisi huomba lita 25: lita 20 za kazi na 5 za akiba. Kama ni injini ya kuchanganya oili kwa 50 kwa 1, hizo ni nusu lita ya oili, na iandike. Kwa vyambo bandia tunahesabu sita kwa kila fimbo, kwa sababu miamba humeza viwili hivi kwa siku. Mbele ya kila chambo tunafunga mita moja na nusu ya nailoni nene ya paundi 100. Mdomo wa sangara unakwaruza kama msasa, na mifuniko ya mashavu yake hukata mshipi wa kusuka kama wembe. Ukimweleza mdhamini hivyo, anaona anayempa mali anajua matumizi yake.

Taarifa ya baada ya mashindano ndiyo inayoleta msimu wa pili. Ukurasa mmoja: tulipokea nini, tulitumia kiasi gani, kimebaki nini, tulipata nafasi ya ngapi, watu wangapi walituuliza vifaa vimetoka wapi. Niliandika pia kilichoharibika na sababu: ndoano za vyambo vya aina fulani zilinyooka kwa sangara mzito kwa kuwa waya wake ulikuwa mwembamba. Duka likabadilisha ndoano za aina hiyo kabla ya kuziuza tena. Tukishika mkia bado taarifa inakwenda, tena siku ileile tuliyoahidi.

Kampuni za nje nilizijaribu. Vijana wa Marekani wanaovua samaki aitwaye bass hupitia klabu za shule na vyuo, na kampuni zina maduka yanayowazunguka, kwa hiyo udhamini una mahali pa kuuza. Kampuni isiyo na duka Mwanza haina sababu hiyo kwako. Mwandikie wakala wake wa Tanzania au Kenya kama yupo. Na ujihadhari na anayekupa punguzo la bei akaliita udhamini: ukinunua kwa fedha yako, wewe ni mteja. Kama punguzo ni zuri lipokee, ila usimpe kwa ajili yake nafasi ya mbele ya jaketi.

Makubaliano yaandikwe hata na mtu wa mtaa mmoja. Yaseme muda, vifaa ni vya nani msimu ukiisha, kikivunjika nani analipa, picha zitumike wapi, na kwamba hatutavaa nembo ya duka jingine la zana kwa muda huo. Mwenye umri chini ya miaka 18 asainiwe na mzazi au mlezi, na asivae nembo ya pombe wala ya kubashiri. Tulikataa ofa moja kwa sababu hiyo, wawili wetu walikuwa bado sekondari.

Msimu ukiisha, rudisha kilichobaki. Mita 140 za mshipi ambazo hazikuguswa nilizipeleka dukani zikiwa kwenye kigurudumu chake, pamoja na barua ya msimu unaofuata, ambamo niliomba mita 460 tu.