Siku yangu kwenye korona: ufunguo anao nani?

Saa 11:20 alfajiri

Basi la kazini hupita barabara kuu saa 12 kasoro robo na dereva wake hana simile. Chai ya rangi, andazi la jana, nimejitanda khanga, nimetoka. Ngamiani saa hizi ni waumini wanaorudi msikitini na akina mama wa mbaazi wanaokoleza moto.

Kwa wasionijua: mimi ni karani wa korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge, katika shamba moja nje ya mji wa Tanga, upande wa kwenda Muheza. Naandika mahudhurio, naandika uzito, na nashika daftari la kusimama kwa mtambo: ulisimama saa ngapi, kwa sababu gani, nani aliamua. Ukitaka kujua nani kiongozi na nani ana cheo tu, omba ulisome daftari hilo.

Saa 12:30

Wakataji walishaingia shambani tangu giza ili walikwepe jua, na matita yao ya majani thelathini thelathini yameanza kupangwa pembeni mwa njia ya trekta. Langoni amesimama msimamizi wetu wa zamu. Tunamwita Mjomba, ingawa hana undugu na wengi wetu. Asubuhi hatazami nyuso, anatazama miguu.

Leo kijana mmoja amekuja na ndala. Na huyo kweli ni ndugu yake, mtoto wa shemeji yake.

"Mjomba, leo tu. Buti zimelowa."

"Kafuate buti. Ukirudi saa nne, karani atakuandika nusu siku."

"Nusu siku kwa ajili ya ndala?"

"Hata mimi nikija na ndala aniandike hivyo hivyo."

Kijana kaondoka amenuna. Sakafu ya korona ni maji tupu na utomvu wa mkonge unawasha mpaka unajuta kuwa na ngozi, kwa hiyo sikumhurumia sana. Ila niliwatazama waliokuwa nyuma yake kwenye foleni. Hakuna aliyecheka na hakuna aliyenong'ona. Walishajua kwamba kwa mtoto wa shemeji au kwa mtoto wa nani, jibu ni lile lile.

Saa 1:00

Mtambo unawaka na kuzungumza kunageuka kuwa kupiga kelele. Majani yanapanda kwenye mkanda, yanapondwa, ngoma yenye visu butu inayakwangua nyama huku maji yakimwagika, na upande wa pili zinatoka singa, yaani nyuzi za mkonge, nyeupe zenye ukijani kidogo. Tani nzima ya majani hukupa kilo 40 hivi za singa kavu; zilizobaki ni maji na makapi. Robota moja la kilo 250 limekula zaidi ya tani sita za jasho la wakataji. Ndiyo maana mtambo ukisimama, simu ya meneja hulia upesi: jani lililokwisha kukatwa halingoji.

Saa 3:10 asubuhi

Ukasimama. Jiwe liliingia pamoja na tita likabana kwenye ngoma.

Hapa kuna utaratibu ambao Mjomba aliuanzisha alipopewa zamu. Swichi kuu ina kufuli, na kufuli lina ufunguo mmoja. Anayeingiza mkono ndani ya mtambo ndiye anayekaa na ufunguo mfukoni mwake mpaka atoke. Hakai nao injinia, wala msimamizi mwenyewe. Leo aliyeingia ni fundi kijana, mwaka wake wa kwanza kazini, ambaye hata kusaini posho bado mkono unamtetemeka.

Dakika ishirini na tano baadaye, simu. Mjomba aliiweka spika kwa sababu ya kelele za trekta, nami niko mezani pale pale.

"Umeme upo, majani yanakauka, mbona kimya?"

"Fundi yuko ndani, bosi."

"Atoke. Jiwe si limeshatoka? Mengine mtatazama jioni. Washa."

"Ufunguo anao yeye."

"Msimamizi hapo si wewe?"

"Ni mimi. Na mimi ndiye niliyempa."

Simu ikakatwa. Mjomba hakwenda kumsimamia fundi kichwani, hakumwambia "bosi kapiga". Alikaa kwenye gogo akavuta tita moja akaanza kulipekua kutafuta mawe mengine. Fundi alitoka baada ya dakika kumi nyingine, mkononi ana bolti mbili za kisu zilizolegea. Zingefyatuka na mtambo ukiwa kwenye mwendo, sijui leo ningekuwa naandika nini. Na nina hakika kijana angezipita bila kuziona kama angesikia ile simu.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awakinge wafanyakazi wake na mitambo, na bango letu liko ukutani limepakwa rangi vizuri. Viwanda vingi vina bango. Kumwachia ufunguo mtu mwenye cheo cha chini kuliko wote, wakati wewe ndiye unayefokewa kwenye simu, hilo ni jambo la mtu na roho yake.

Saa 4:15

Chai. Mzee wa kahawa amefika na birika lake na kashata. Baba yake aliletwa huku enzi za manamba, wale waliotoka mbali kwa mkataba, akafanyia kazi kipande, ile kadi ya siku 30 za kazi. Kila siku ngwe yako ikiisha unawekewa alama. Isipoisha, siku hiyo umeitumikia bure. Kalamu ilikuwa mikononi mwa nyapara na karani wake. Mzee hunitania kila mara: "Babu zako makarani walitula, wewe mwaya utatulipa lini?" Nacheka, lakini daftari huwa nalishika kwa adabu zaidi siku hiyo.

Yeye mwenyewe mwaka 1971 alikuwa kijana kiwandani, TANU ilipotoa Mwongozo uliokataza viongozi wa Tanzania kuwa na majivuno na kuwanyanyasa watu. Wafanyakazi waliusoma kwa makini kuliko mabosi walivyotarajia, na katika miaka iliyofuata baadhi ya viwanda nchini viliona mameneja wakifungiwa nje ya lango. Mzee anavyosimulia, sehemu ya kuvutia ni ya baadaye: walioingia badala yao, wengine walikuwa wakali vile vile, ila walianza na neno "ndugu".

Hapo chai yangu ikakatizwa na ujumbe wa ofisini: kuna nafasi moja ya kozi ya uongozi Dar es Salaam, siku tano, zamu yetu ipeleke jina kabla ya saa mbili usiku. Nilimwonyesha Mjomba. Akasoma, akanirudishia simu, akaenda zake. Hiyo ni tabia yake mbaya. Hasemi. Akikasirika anaweza kunyamaza kutwa nzima, na watu wanabaki kujiuliza nani kakosa. Kwenye vikao ndiyo usiseme: anasimama, anakohoa, anasema "mambo yanakwenda", anakaa. Ripoti zake namwandikia mimi. Kama kiongozi ni yule wa kuhutubia, basi kwetu hatuna.

Saa 5:30

Wingu jeusi upande wa bahari. Ni msimu wa vuli, si ajabu, lakini upepo nao uligeuka ghafla. Singa za jana zilikuwa zimebakisha saa chache kukauka. Zikinyeshewa hubadilika rangi, daraja linashuka, na bei inalifuata.

Uwanja wa kuanikia una mama mmoja mtu mzima ambaye hana cheo chochote kwenye karatasi zangu. Mshahara wake ni wa mwanikaji. Sote tunamwita Mama Uwanja. Hakuja kuuliza. Alipiga ukelele mmoja, "Anueni!", na wanawake wakazivamia nyaya. Kwa nusu saa walibeba singa mabegani kuzipeleka bandani, wengine wakikimbia kabisa. Mimi niliacha meza nikaenda kupokea.

Mvua haikuja. Wingu lilipita likaelekea Pangani, jua likatoka kali kama linatukejeli.

Saa 7:00 mchana

Chakula. Ugali, dagaa, mchicha wa nazi. Hapa kuna saa nzima ya mapumziko, kama sheria ya ajira ya 2004 inavyotaka kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano, na Mjomba hajawahi kuipunguza hata siku tukiwa nyuma kama leo. Mazungumzo yote ni ya Mama Uwanja. Kijana mmoja wa ofisini, shati limenyooka pasi, akamwambia, "Mama, leo umeanua jua." Watu wakacheka. Mama naye alicheka, lakini sahani yake hakuimaliza.

Saa 8:20

Mjomba alikwenda uwanjani. Nilimfuata na daftari, maana kusimama kwa kuanika nako huandikwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Najua ulichojia."

"Uliona nini?"

Akamweleza: upepo uliogeuka, wingu lililokuwa chini sana, harufu. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza.

"Kesho ukiyaona haya haya?"

"Nitaanua."

"Haya." Akavua koti, akabeba mzigo wa singa na kwenda kuanika pamoja nao. Singa za kwanza alizitundika vibaya, Mama akazitundua na kumwelekeza upya mbele ya watu wote.

Baadaye alikuja mezani kwangu. Saa mbili za jua zimepotea, lazima ziandikwe. "Aliyeamua: weka jina langu," akasema.

"Mjomba, wewe hukuwepo."

"Singa zikiokoka utaweka lake."

Nilirudisha kurasa nyuma mpaka masika. Kweli, siku mvua iliponyesha na singa zote ziko bandani, safu ile imeandikwa jina la mama, kwa mwandiko wangu, kwa maneno yake yeye Mjomba. Nilikuwa nimesahau. Hata hivyo hatukukubaliana. Nilimwambia daftari likishaanza kusema uongo wa huruma, siku nyingine litasema uongo wa chuki, na kalamu ni ile ile. Akafikiri. Mwisho niliandika hivi: aliyeamua, Mama Uwanja, anayewajibika, msimamizi wa zamu. Akasaini. Naona tulipatana, ingawa aliondoka akiguna.

Niliwahi kushika daftari chini ya msimamizi mwingine, mahali pengine. Huyo safu ya sababu aliijaza mwenyewe, na kila ukurasa ulisomeka "uzembe wa mfanyakazi". Watu walijifunza haraka: ukisikia mlio mbaya kwenye mashine, jifanye hujasikia. Mtambo wake ulikuwa hausimami mara nyingi. Ulikuwa unavunjika.

Saa 10:00 jioni

Mtambo umezimwa. Nimepima, nimejumlisha: tuko chini ya lengo. Kijana wa ndala alirudi na buti saa nne kasoro, nikamwandika nusu siku yake. Mjomba aliwakusanya watu akawaambia mwenyewe kwamba malipo ya muda wa ziada wa wiki iliyopita yatachelewa hadi Ijumaa. Hakunituma mimi, na hakubandika karatasi ukutani na kupanda basi kabla haijasomwa. Aliguniwa, akasimama pale pale akaguniwa mpaka wakachoka.

Ndani ya basi nililala.

Saa 1:40 usiku

Nakaanga samaki, simu inaita. Mjomba.

"Dada karani, lile jina la kozi. Peleka la Mama Uwanja."

"Leo? Na mambo ya leo?"

"Peleka."

Nikapeleka. Mameneja wa kwetu ni kama mji wenyewe unavyosema, waja leo waondoka leo, lakini huyu wa sasa hujibu ujumbe upesi. Hata samaki sijawageuza: "Huyu hana cheo. Halafu si ndiye aliyeanua singa leo bila mvua?"

Sikujua nijibu nini, nikampelekea Mjomba ujumbe kama ulivyo. Akajibu kwa maneno mawili, nami nikayahamisha kwa meneja bila kuongeza nukta:

"Huyo huyo."