Mara sita, si mara mbili

Swali lililonitoa jasho lilikuwa hili: protoni inarushwa kuigonga protoni nyingine iliyotulia. Iwe na nishati mwendo kiasi gani, kwa uchache, ili izaliwe antiprotoni, yaani chembe yenye tungamo sawa na la protoni lakini chaji kinyume? Nilijibu upesi. Antiprotoni huzaliwa pamoja na protoni mpya, na tungamo la kila moja ni sawa na nishati ya GeV 0.938 (GeV ni kipimo cha nishati ya chembe). Zikiwa mbili, GeV 1.88. Nikapiga mstari chini ya jibu.

Jibu sahihi ni GeV 5.63, mara sita ya tungamo la protoni.

Siku tatu nilirudia hesabu ya nishati bila kuona kosa, kwa sababu nilikuwa sijaigusa momenta, yaani kiasi cha mwendo wa chembe chenye mwelekeo. Protoni inayokuja ina momenta, na momenta hiyo haipotei. Basi chembe nne zinazotoka, yaani protoni mbili za mwanzo na hizo mbili mpya, haziwezi kusimama. Lazima zisonge mbele, na kusonga huko kunataka nishati ambayo mimi nilikwisha kuimaliza yote kwenye kuumba chembe.

Nilijaribu kuifuatilia kila chembe peke yake, nikazama katika milinganyo. Kilichonivusha ni kiasi kimoja: nishati yote kwa kipeo cha pili, toa momenta yote kwa kipeo cha pili (kasi ya mwanga ikihesabiwa kuwa 1). Mgongano haukibadilishi. Hata ukiutazama mgongano huku unasafiri, ni kilekile! Kwa hiyo upande wa kabla nilikihesabu nikiwa nimesimama maabara, na upande wa baada nikisafiri pamoja na chembe zote nne, ambazo kwenye nishati ya chini kabisa huenda kwa pamoja, kwa hiyo kwangu zimetulia. Tungamo likiwa m na nishati yote ya protoni inayokuja E:

2m² + 2mE = 16m²

E ni 7m. Ondoa m ya protoni yenyewe, zinabaki 6m.

Nilifurahi mno kujua kwamba Bevatron, mashine ya kuzipa protoni kasi kubwa kule Berkeley, Marekani, ilijengwa kufikia takriban GeV 6 kwa sababu ya hesabu hii, na antiprotoni ikapatikana humo mwaka 1955.

Kisha nikajaribu protoni mbili zinazokuja uso kwa uso kwa kasi sawa. Momenta yote ni sifuri, na chembe zote nne zinaruhusiwa kutulia. Kila protoni inahitaji GeV 0.938 tu. Jumla, GeV 1.88.