Siku 19 kando ya mashine ya mjomba

Mjomba alianza kwa kuharisha. Siku tatu za tumbo, akapona, akasahau. Wiki moja baadaye akawa analalamika ganzi kwenye nyayo, na kesho yake akashindwa kushuka kwenye tuktuk mbele ya nyumba yake, Kisauni, Mombasa. Tukambeba. Tulimpeleka hospitali ya kibinafsi iliyo karibu, ambayo jina lake nalihifadhi, na usiku wa pili kifua nacho kikaishiwa nguvu. Wakamtia bomba kooni, wakamuunganisha na mashine ya kupumulia.

Ugonjwa wenyewe unaitwa Guillain-Barré. Kinga ya mwili, baada ya kupigana na maradhi kama yale ya tumbo, inageuka na kushambulia neva, na udhaifu unapanda kutoka miguuni kwenda juu. Dawa yake ni imunoglobulini, inayotiwa mshipani siku 5 mfululizo, na bei yake inatisha. Tena haimwinui mtu papo hapo. Inazuia uharibifu usiendelee, kisha neva zinajirudi zenyewe, kwa wiki au kwa miezi. Wengi hupona, ila hakuna anayepona kwa ratiba ya bima.

Daktari wa usingizi alinieleza hayo yote, na neno moja likanikaa: kichwa hakiguswi. Mtu analala kama gogo, lakini anasikia, anaelewa na anaumia.

Mimi ni karani wa shule. Nimezoea makaratasi, basi tangu siku ya tatu nikawa na daftari. Kila raundi ya asubuhi naandika tarehe, saa, jina la daktari, na namba mbili tatu za kwenye mashine, hasa asilimia ya oksijeni. Hewa hii tunayovuta ina 21. Mjomba alikuwa kwenye 40. Sikuwa na nia yoyote ya maana. Nilitaka tu kitu cha kumwambia mkaza mjomba akiniuliza, kwa sababu jibu la "yuko vilevile" lilikuwa linamliza.

Siku ya 11 ilikuwa Ijumaa. Asubuhi daktari alisema nimonia imeingia, oksijeni imepandishwa hadi 60, mgonjwa hagusiki wikendi hii. Nikaandika. Saa tisa alasiri akaja kijana wa ofisi ya malipo, viatu vyake vinalia kwichi kwichi kwenye sakafu, akasimama miguuni pa kitanda na kusema bima imekwisha, bili imepita milioni 2, mgonjwa ametulia, hospitali ya serikali kule kisiwani imekubali kumpokea, ambulensi inakuja saa kumi na moja. Akampa mkaza mjomba fomu na kalamu.

Niliomba niisome kwanza. Ilisema familia imeomba kumtoa mgonjwa kinyume cha ushauri wa daktari. Sisi hatukuwa tumeomba kitu. Ukishaitia sahihi fomu ya namna ile, lolote litakalotokea njiani ni lako, uliyataka mwenyewe. Nikamrudishia. "Kaka, anayemtoa ni nyinyi. Basi andikeni nyinyi."

Nakiri mikono ilikuwa ikinitetemeka. Kichwani nilikuwa na kisa cha mwaka 2015, cha yule mtu aliyegongwa na gari Nairobi akakaa saa 18 ndani ya ambulensi, anazungushwa huku na huku kwa kukosa kitanda cha ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, na mwishowe akafa. Nchi nzima ililia. Mimi nikawa najiuliza kitanda hiki kilichopatikana haraka hivi kimetoka wapi.

Nikavuka daraja la Nyali kwenda kuuliza mwenyewe. Sista wa zamu kule ICU ya serikali alifungua kitabu chao, akapitisha kidole ukurasa mzima, akafunua na wa jana. Jina la mjomba halikuwamo. Hakuna daktari aliyepiga simu. Vitanda vyote vina watu, na wawili wanangoja chini, idara ya majeruhi. Alinitazama kwa huruma. "Dada, kama wangemleta, angengoja nje."

Kitanda kilikuwa cha mdomoni.

Kurudi nilikuta foleni ya magari ya jioni, na humo ndani ya tuktuk ndimo nilimoandika barua, nyuma ya karatasi za mitihani zilizobaki mkobani. Kwanza nilitaka kuanza na Katiba. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, na kweli nilikitia, lakini mwishoni. Kila ofisi ya malipo imekwisha kusikia kifungu hicho mara mia, na hakisemi nani alipe. Kilichowakaba ni maswali madogo. Daktari gani upande wa pili amekubali kumpokea, na alikubali saa ngapi? Nani atakaa naye nyuma ya ambulensi, na je, anaweza kumrudishia bomba likichomoka? Mashine ya safari imejaribiwa kwake hapo kitandani kabla ya kutoka? Oksijeni ni mitungi mingapi? Na mwisho: daktari anayemtibu aandike kwa mkono wake kwamba mgonjwa anahimili safari leo.

Nikaambatisha ukurasa wa daftari, asubuhi "hagusiki", alasiri "ametulia". Nakala ya kwanza kwa msimamizi wa hospitali, ya pili kwenye faili la mgonjwa, ya tatu yangu, ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa. Huo muhuri niliusubiri dakika arubaini nzima kwenye kiti cha plastiki. Ambulensi ilikuja, ikakaa, ikaondoka.

Swali la mitungi nililiongeza niliporudi hospitali, nilipewa na yule daktari wa usingizi, kijana mpole asiyependa kelele. Alichukua risiti ya famasia akaigeuza. Mtungi mdogo wa ambulensi una kama lita 680. Mgonjwa akitumia lita 10 kwa dakika, ni dakika 68. "Sasa Ijumaa jioni, daraja la Nyali, unafika kwa dakika ngapi?" Mimi nilikuwa nimetoka huko muda si mrefu. Kanuni yake: beba mara mbili ya safari unayoitegemea. Hakusema zaidi, akaikunja risiti akanipa.

Nisiwe mchoyo wa haki: hospitali nayo ina mishahara ya kulipa, na deni letu lilikuwa la kweli. Jumatatu tulikaa na msimamizi, tukakubaliana kulipa kwa mafungu, na binamu yangu aliye Doha akatuma kitangulizi. Ila kabla ya hapo ilibidi nimwombe huyohuyo binamu aache kupiga simu hospitali. Alikuwa akipiga usiku akiwafokea, mkaza mjomba naye akipigiwa simu anakubali kila kitu, na ofisi ikawa inachagua jibu inalolipenda. Tukapatana namba iwe moja, yangu.

Nilichochelewa kukifanya, na bado kinaniuma, ni kumuuliza mwenyewe. Siku 12 watu tumejadili mwili wake juu ya kichwa chake! Jumamosi ile nikakata kadibodi ya boksi la glovu, nikaandika alfabeti kwa safu. Q na X nikaziacha, zingetusaidia nini? Napitisha kidole, akifumba macho mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Sentensi ya kwanza ilitumia robo saa. B. A. R. Mkaza mjomba akaanza kulia, akidhani anaomba baraka, ni wasia huo. I. Halafu D. Mjomba alikuwa anasema baridi. Kiyoyozi kilikuwa kinampulizia bega siku zote hizo. Sista akaleta shuka la pili, tukacheka hadi tukaambiwa tunyamaze.

Baada ya kicheko nikamweleza habari yote, bima, deni, kisiwani, hatari iliyopo. Nikamuuliza anataka kuhama? Mara mbili. Nimonia ikiisha, na kitanda kikiwa cha kweli? Alikawia. Mara moja.

Jumanne walimtoboa koo wakamhamishia bomba shingoni, mdomo ukawa huru. Nimonia ikaitikia dawa, oksijeni ikashuka hadi 35. Madaktari wa pande mbili wakaongea wenyewe kwa simu, na nikapewa jina la aliyekubali. Siku ya 19, Jumamosi, saa moja asubuhi, barabara nyeupe, tukatoka. Walikuwa wamemjaribu kwenye mashine ya safari nusu saa kitandani. Daktari wa usingizi alikaa nyuma, mimi mbele na dereva, mitungi mitatu. Dakika 23 mlango kwa mlango. Sista wa kitabu ndiye aliyekuwa zamu. Safari hii jina lilikuwamo, limepigiwa mstari.

Alitolewa kwenye mashine baada ya wiki tano nyingine. Leo anatembea na kigari cha kushikilia hadi msikitini na kurudi, na sauti yake imekuwa ya mkwaruzo. Mwezi uliopita tumekaa barazani, kahawa mkononi, akaniambia yeye kijana wa malipo alikuwa akimjua tangu mlangoni, kwa viatu. Kila kwichi kwichi ikisikika alikuwa akijitahidi kufumba macho mara mbili, na hakuna aliyekuwa akimtazama.

Halafu akauliza deni limebaki kiasi gani. Nikamwambia mafungu saba. Akasema kahawa imepoa, niongeze.