Shoki Hazikuwa na Kosa

Mara ya kwanza gari langu lilinifanyia hivyo nilikuwa nateremka Kona Baridi, Jumapili asubuhi, upepo wa Ngong unapiga vioo. Nikakanyaga breki kabla ya kona, usukani ukasogea kulia wenyewe. Si sana, upana wa vidole viwili hivi. Lakini upande huo wa kulia kulikuwa na lori la mchanga linapanda, na vidole viwili kwenye usukani ni hatua nzima barabarani. Nikalirudisha, nikaenda mbele kidogo nikaegesha, nikanywa maji chupa nzima.

Gari lenyewe ni Suzuki Swift Sport ya 2008, ile wauza spea huita ZC31S. Injini ya lita 1.6, nguvu za farasi 125, gia tano za mkono, uzito wa tani moja na kidogo. Liliingia nchini kabla halijatimiza miaka minane, maana likishapita hapo sheria hailiruhusu. Kwa macho ni Swift kama ya teksi, mpaka mtu azunguke nyuma aone ekzosi mbili. Mimi ni fundi cherehani. Nina kibanda Kenyatta Market na naishi Rongai, kwa hiyo kila siku ni Magadi Road, Lang'ata Road, Mbagathi Way, jioni ni kurudi. Wateja huniuliza kwa nini mama wa makamo anaendesha gari la vijana. Nawajibu kwamba vijana hawana pesa ya matairi.

Fundi wa kwanza alisema alaimenti, yaani mnyooko wa magurudumu. Nikaipima mara tatu ndani ya wiki sita, shilingi 1,500 kila mara, na kila mara kijana wa mashine alinionyesha skrini ya kijani kote: "Madam, hii imekaa." Na kweli ilikuwa imekaa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mashine ile hupima gari lililosimama, na ugonjwa wangu ulikuwa wa gari linalotembea. Kitu kilicholegea kinaweza kurudi mahali pake vizuri kabisa likisimama, kikatulia kama mtoto mtundu mwalimu anapoingia darasani.

Fundi wa pili hakuuliza swali hata moja. Alikandamiza kona ya mbele kwa mikono miwili, gari likacheza, akatikisa kichwa kama daktari. "Shoki zimekufa, madam." Nikanunua mbili za mbele, 26,000, pesa ya yunifomu za muhula mzima. Sitasema uongo, gari lilikaa vizuri zaidi kwenye matuta. Lakini siku ileile, nikishuka kuelekea daraja la Mbagathi, nikagusa breki na usukani ukaenda kulia. Hapo nilijikasirikia mwenyewe kuliko nilivyomkasirikia yeye. Kazi ya shoki ni kuituliza springi. Shoki ikifa, gari linaendelea kuyumba juu chini baada ya tuta, tairi linaliwa kwa mawimbi, na ukipiga breki pua inainama kupita kiasi. Shoki iliyokufa haiuvuti usukani upande mmoja kila mara unapogusa breki. Ningelifikiria hilo tu, pesa ingekuwa bado benki.

Mteja akiniambia gauni linambana begani, sipasui bega. Mara nyingi kosa liko kwapani, au hata kiunoni. Namwambia ainue mkono, akae, ainame, na mimi natazama kitambaa kinavutika wapi. Sasa kwa nini gari langu nililipeleka kwa watu nikiwaambia tu "linavuta", kisha nikawaachia mkasi?

Nikachukua daftari la vipimo vya wateja, nikafungua ukurasa mpya, nikaandika "Swift" mahali pa jina.

Nilianza na vya bure. Upepo kwanza. Kibandiko cha mlangoni kimeandikwa kwa kPa, na kwa wasiojua, 220 ni psi 32. Geji ya petroli stesheni ninayoiamini siku zote iliniongopea kwa psi nne. Nikanunua yangu ndogo ya mkononi. Gurudumu la kushoto nyuma lilikuwa chini, nikajaza, halikubadilisha kitu.

Kisha matairi. Yangu ya mbele niliyanunua ya mtumba, jozi moja lakini hayakuzaliwa pamoja. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka, na yangu yalipishana karibu miaka miwili. Tairi lenyewe linaweza kuvuta gari, kwa jinsi nyuzi zake za ndani zilivyokaa au lilivyoliwa. Dawa ya kulijua ni kubadilisha mawili ya mbele, la kulia liende kushoto, mradi si yale yenye mshale wa kuzunguka upande mmoja. Gari likigeuza upande linaovutia, mshitakiwa ni tairi. Langu liliendelea kulia. Jambo jingine, barabara zetu zimeinama kidogo kuelekea kushoto ili maji ya mvua yatoke, hivyo gari kutambaa taratibu kushoto si ugonjwa. Kuvuta kulia, kupanda mwinamo, ni ugonjwa.

Halafu uzi. Hapa niliona raha, maana uzi ndio kazi yangu. Kwenye maegesho ya ploti yetu, pasipo na mteremko, nilivuta nyuzi mbili za nailoni kando ya gari, moja kila upande, nikazipima kutoka katikati ya magurudumu mpaka zikawa sambamba na gari. Kisha nikapima kwa rula kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, na hadi ukingo wa nyuma. Tofauti ilikuwa milimita moja kila upande. Kijana wa mashine hakuwa ameniibia. Nyuma nako palikuwa sawa, nikashukuru, kwa sababu nyuma ya gari hili magurudumu yote mawili yako kwenye boriti moja inayojipinda, na haina bolti za kurekebishia. Ikipinda, imepinda.

Baada ya hapo breki. Ikiwa breki ya kushoto ni dhaifu, gari litavutwa kulia, hilo liko wazi. Nilitoka Rongai mpaka Galleria, nikasimama, nikakaribisha kiganja kwenye kila rimu bila kuigusa. Joto lilikuwa sawa. Lakini hilo halikunitosha, na jibu lilikuja kwa bahati siku ya tatu, kwenye Southern Bypass, saa kumi na mbili unusu asubuhi, barabara ikiwa karibu tupu. Niko gia ya tatu, nikakanyaga mafuta kwa nguvu, nikaona pua inasogea kushoto kidogo. Nikaachia mafuta ghafla bila kugusa breki kabisa, pua ikarudi kulia. Nikarudia. Kushoto, kulia. Mara sita.

Nilicheka peke yangu ndani ya gari. Ikiwa linavuta bila breki kuguswa, basi breki imetoka kwenye kesi. Kilichobaki ni kitu kinachoruhusu gurudumu moja kwenda mbele likivutwa na injini na kurudi nyuma likizuiwa. Gurudumu likisogea hivyo, uelekeo wake hubadilika, na gari hugeuka bila wewe kuligeuza. Na gari kama hili halifichi kitu. Springi zake ni ngumu, matairi ni membamba ubavuni, 195/50 kwenye rimu ya 16, usukani ni mwepesi kuitikia. Kulegea ambako kwenye gari la familia kungelala miaka miwili bila mtu kujua, hapa kunakupigia kelele.

Jioni nilimwita mpwa wangu. Jeki, stendi mbili, matofali nyuma ya magurudumu. Nikashika gurudumu la kulia juu na chini, nikalitikisa, kimya, kwa hiyo boljointi, kile kiungo cha chini cha gurudumu, na beringi viko sawa. Nikalishika kushoto na kulia, kimya, tairodi na rekendi, vyuma vinavyounganisha usukani na gurudumu, viko sawa. Hapa watu wengi huishia na kusema chini hakuna kitu. Lakini mikono yangu haina nguvu ya injini. Tukalishusha, mpwa wangu akaingia ndani akaliwasha, mguu kwenye breki, akawa anaachia klachi kidogo gia ya kwanza, kisha ya kurudi nyuma, huku mimi nimelala pembeni kabisa, si mbele wala nyuma ya gurudumu, tochi mkononi. Tafadhali, kama msaidizi wako hana subira na klachi, usijaribu hii.

Lowa-amu ya kulia, ule mkono wa chuma wa chini unaoshika gurudumu, ilikuwa inatembea. Amu nzima, mbele na nyuma, kama jino bovu. Bushi yake, raba ya pale inapofungwa kwenye gari, ilikuwa imechanika, unaona mwanga ukipita kati ya raba na chuma.

Sikuamini, kwa sababu bushi hiyo ilikuwa mpya. Niliibadilisha miezi mitano kabla, na ndiyo maana hakuna fundi aliyeitazama. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewaambia kwa kiburi, "Bushi achana nazo, ni mpya."

Nikaenda kwa mzee mmoja hapa Rongai ambaye sikuzoea kumpelekea gari, kwa sababu gereji yake haina bango wala viti vya wateja. Ina shimo tu. Alishuka, akaitazama, akapanda akijifuta mikono.

"Mama, hii bushi ilifungwa gari likiwa wapi?"

"Gereji moja huko mjini."

"Najua ni gereji. Lilikuwa chini au lilikuwa juu?"

Nikakumbuka. Lilikuwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, fundi akikaza bolti mpaka anatoa sauti.

"Basi ndiyo hiyo," akasema.

Bushi ina chuma cha nje, chuma cha ndani, na raba iliyogandishwa katikati. Ukikaza bolti, chuma cha ndani kinabanwa kwenye fremu hakizunguki tena, na amu inapanda na kushuka kwa sababu raba inajipinda. Ukikaza gurudumu likiwa linaning'inia, mahali pa raba kupumzikia panakuwa kule chini. Gari likiteremshwa, amu inapanda, na tangu dakika hiyo raba imejipinda usiku na mchana, hata gari likiwa limelala. Kila tuta linaongeza juu ya hapo. Ni sawa na kupima mkono wa koti mteja akiwa ameinua mikono juu kama aliyekamatwa. Akiishusha, kwapa linavutika siku nzima, na baada ya muda mshono unaachia. Mzee alicheka nilipomwambia hivyo. Akasema ana koti la aina hiyo.

Grogan, kwenye maduka ya spea Nairobi, nilizunguka asubuhi nzima. Duka la kwanza lilitaka kuniuzia amu za Swift ya kawaida, "ni ileile, siste". Sikuwa na nguvu za kubishana nikahamia la pili. Mwishowe nikapata jozi iliyotoka Japani, imetumika lakini raba nzima, 9,000 baada ya kuvutana. Mzee alizifunga kwa mkono kwanza, akaliteremsha gari juu ya shimo likasimama kwa miguu yake yote minne, akalitikisa mara kadhaa likae, ndipo akashuka kukaza. Upande wa kushoto bushi ilikuwa bado haijachanika, lakini ilikuwa na nyufa kama kisigino cha kiangazi. Alaimenti ya nne nililipa bila kunung'unika.

Jumapili iliyofuata nilirudi Kona Baridi. Kona ileile, breki ileile, mikono legelege makusudi. Lilishuka limenyooka.

Shoki za zamani ziko chini ya meza yangu ya kukatia. Nilimwonyesha mzee, akazikandamiza moja moja, zikarudi polepole na sawasawa, hakuna tone la mafuta. Nzima. Ametaja bei ya kuzinunua, ya dharau kidogo, na bado nafikiria. Na sasa kuna mlio mdogo, kong, upande wa kushoto nikipanda tuta kwa gurudumu moja. Nikipanda kwa mawili, kimya. Hiyo ni linki ya stabilaiza, kile kijiti kinachoshika chuma cha kuzuia gari kulala upande, nina hakika, lakini wikendi hii nitazifungua zote mbili nitembee mtaani taratibu bila hizo nisikie kwanza.