Mwalimu Aliyefuta Ubao

Juzi mwanangu wa darasa la kwanza kanisomea ukurasa mzima huku macho yake yakiwa kwenye runinga. Mama yake akampigia makofi. Mimi nikakumbuka Meatu, kule Simiyu.

Ilikuwa 2015, mtaala wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, wa darasa la kwanza na la pili ndiyo kwanza umeanza, nasi tunawanoa walimu wa vijijini. Chai, maandazi, vikundi, bango kitita: semina mnazijua.

Siku ya mazoezi tukaenda shule moja ya kijijini. Darasa la pili, watoto wamejazana hadi sakafuni. Mwalimu wao akamsimamisha binti mmoja, naye binti akaisoma hadithi ya ubaoni mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Washiriki wakashangilia.

Mshiriki mmoja wa semina, mama mtu mzima, akainuka kimya kimya, akafuta hadithi yote. Akaandika neno moja: pamba.

"Haya, mwanangu, soma hapa."

Binti akatazama ubao, akamtazama mwalimu wake, kisha akaanza upya: "Baba anakwenda sokoni..." Hadithi ileile, ubao hauna hadithi.

Hakuna aliyecheka. Mama akamsogeza karibu, akafunika neno kwa kiganja, akaacha herufi ya kwanza tu. Wakaitoa sauti pamoja, midomo ikifumbwa na kuachiwa, bila irabu. Akasogeza kiganja: pa. Hapo kwenye mb walikaa muda mrefu. Mtoto anatoa m, anasimama, anatoa b, anasimama. Mama hakumtajia. Alingoja, vumbi la chaki limemjaa vidoleni, na sisi wote tukangoja naye. Mara mtoto akasema, "Pa... mba. Pamba!" Na mkono ukanyooka wenyewe dirishani, kwenye shamba lililopakana na shule.

Katika yote niliyowahi kufundisha kuhusu ufundishaji wa kusoma, sijaona somo lililozidi lile.

Mwaka uliofuata michango ya shule ikafutwa, madarasa ya kwanza yakafurika. Nikapata habari kwamba mama yule amehamishiwa darasa la saba, ainue ufaulu. Namwelewa mwalimu mkuu: matokeo ya la saba ndiyo anayoulizwa wilayani, hakuna anayemuuliza kama wa darasa la pili wanasoma au wamekariri. Lakini iliniuma, na bado inaniuma. Aliyepewa darasa lake hakuwahi kuhudhuria semina hata moja.